Wa Kushoto

Mke wa fundi hereni alikuwa na masikio matupu. Majirani walimtania kwamba mganga hajigangi, naye akicheka kwa meno tu. Mumewe alitoboa maganda ya konokono wadogo wa baharini, wa ukubwa wa punje ya mahindi, akayatundika kwenye vikulabu vya fedha, na wanawake wa mtaa mzima wakapendeza. Kila mkewe alipodai zake, jibu lilikuwa lile lile: "Subiri, mama watoto. Zako bado."

Sasa siku hiyo mke alikuwa anaanika nguo nyuma ya karakana, akamsikia mumewe akiongea kwenye simu.

"Nimempata. Mdogo, mweupe, hana hata doa. Tangu nioe namtafuta huyu." Akacheka. "Ila mke wangu asijue kwanza."

Haya. Shuka likamponyoka, likaanguka mchangani. Mdogo, mweupe: nani kama si yule msusi wa jirani, anayekuja kuazima koleo kila kukicha? Wivu ukampanda mpaka kooni. Miaka yote hiyo ya kupika, kufua na kulalia vumbi la maganda, kumbe anamtunzia mwenzake mume.

Fundi alipotoka, mke akaingia. Kwenye droo, chini ya pamba, akakuta ganda moja jeupe limeng'arishwa, kikulabu tayari. Zawadi ya bibie hiyo. Akaliweka juu ya fuawe, akachukua nyundo, akaligonga mara moja tu.

Fundi aliporudi aliona unga mweupe. Akakaa kitini taratibu.

"Mwambie msusi wako zawadi yake ndiyo hiyo," mke akasema.

"Msusi gani?" Fundi akafungua kiganja. Mlikuwa na ganda jingine. "Maganda ya konokono hawa hujipinda kulia, yote. Hereni ninazouza ni kulia na kulia, hazitazamani. Wewe nilitaka uvae jozi ya kweli. Yule uliyemponda alikuwa wa kushoto. Mzamiaji mwenyewe aliyenitumia anasema hajawahi kumwona mwingine."

Mke alitamani ardhi ipasuke immeze. "Si ungetaja konokono kwenye simu, baba watoto."

"Naongea na mzamiaji, nimtajie konokono wa nini?"

Mpaka leo mama huyo anavaa hereni moja, sikio la kulia. Wateja wageni humuuliza, "Na mwenzake yuko wapi?"

"Nilimuua," hujibu. "Kwa wivu."

Wao hucheka. Fundi huinama tu, akaendelea kutoboa.