Mshono wa Kuachia

Fundi mzee wa nyavu alikuwa na sifa moja aliyoitembeza mtaa mzima: wavu wake haujawahi kufumuka. Bintiye alipoleta kompyuta karakanani na kuanza kubuni nyavu kwa mistari na hesabu, mzee alicheka mpaka akakohoa. "Unachora wavu! Kwani samaki wanajua kusoma?" Akambandika jina la Rula, likaganda.

Lakini kaka yake Rula, nahodha wa boti ya watu watano, alitaka samaki wa kilindini, wadogo kama kidole, ambao nyavu za mzee ziliwapitisha kama maji. Rula akambunia wavu wa kukokota: mdomo mpana, matundu yakizidi kuwa madogo hadi kwenye mfuko wa nyuma, ambako hata sindano ingeomba ruhusa. Hapo ndipo penye hatari. Matundu madogo hayachuji maji upesi, na mfuko ukijaa mno, huiinamisha boti wakati wa kuvuta.

Basi akaacha mshono mmoja chini ya mfuko, wa uzi mwembamba, kwa makusudi.

"Mzigo ukizidi tani mbili, utaachia," alimwambia kaka yake. "Samaki waende zao, wewe urudi. Na baba usimwambie, hatutapumua kwa maneno yake."

"Mdomo nimeutia kufuli," kaka akacheka.

Walitoka Jumatatu. Alhamisi boti ilipinduka wakiwa wanavuta. Wanne waliokolewa na chombo kilichokuwa jirani. Kaka alibaki kwenye winchi, mashine ya kuvutia wavu, wakamsikia akipiga kelele: "Ngojeni, utaachia! Utaachia sasa hivi!" Haukuachia.

Siku tatu za msiba Rula alijifungia chumbani akirudia hesabu. Uzi, uzito, maji. Kila mara jibu lilikuwa lile lile, tani mbili. Jamani, hesabu ikiwa sahihi na ndugu yako hayupo, inakufariji nini? Aliamini amemuua kwa mkono wake.

Siku ya nne waokoaji wakaleta wavu karakanani. Akaupekua hadi kwenye mfuko. Mshono wake ulikuwepo, mzima. Na juu yake palikuwa na mshono mwingine: uzi mnene uliopakwa nta, mafundo mawili mawili, la pili likilalia kushoto. Mkono huo aliujua. Sweta zake za shule zilizibwa hivyo hivyo. Akakaa sakafuni.

Mzee alimkuta hapo. Alikuwa amekonda ndani ya wiki moja. Akauona mshono, akaona haya kidogo.

"Nilitaka usijue," alisema. "Ulikuwa umechoka, mwanangu, ukaacha sehemu legelege. Nikaiimarisha asubuhi kabla hawajapakia, nisikuvunje moyo. Mtoto akikunyea mkono huukati." Akapapasa yale mafundo. "Angalau wavu haukumwangusha kaka yako."

Maneno yote yalikuwa yamemfika Rula kwenye ulimi. Akamtazama mzee. Mtoto wa kiume alikuwa naye mmoja tu, na sasa hana; kilichobaki ni ile mikono na sifa yake. Akayameza.

"Umeshona vizuri, baba."

Jioni wifi yake, mjane wa kaka, alimgeukia mbele ya watu wote sebuleni. "Wanasema alikuwa anangoja kitu kiachie. Kitu gani, wifi?"

"Mtambo wa winchi," Rula alidanganya. "Nilimwambia mzigo ukizidi utaachia wenyewe. Nilikosea hesabu. Ni mimi."

Wifi akainua mkeka wake akahamia upande wa pili wa chumba. Hakuna aliyemzuia. Mzee akatikisa kichwa, machozi yakimlenga, na sauti yake ilikuwa ya upole mtupu.

"Mambo yako ya kuchora, Rula. Ungenionyesha mimi kwanza."

"Kweli, baba," alisema Rula, na hilo halikuwa uongo.