Usingizi wa Qiaoyun

Shen Qiaoyun aliuza mifarishi ya hariri mubashara kwenye simu, kutoka chumba cha ghorofani mjini Tongxiang. Kutwa alipiga kelele: "Jamani, bei hii hamuipati tena! Nahesabu mpaka tatu!" Sauti ilishamkauka, na watazamaji waliingia na kutoka kama wapita njia.

Alasiri moja, mvua ikinyesha taratibu, alijifunika mfarishi ili wateja waone unavyoukumbatia mwili. Akafumba macho kidogo tu. Papo hapo usingizi ukamchukua.

Akajiona mdogo, nyumbani kwa bibi yake, amelala kando ya nyungo pana za viwavi wa hariri. Walikuwa maelfu, wakitafuna majani ya mforosadi, na kutafuna kwao kulisikika kama manyunyu juu ya paa. Bibi alipita peku, akatandaza majani mabichi, akapotelea kwenye weupe wa hariri.

Alipozinduka, Lu Guoliang, mwenye duka, alikuwa nyuma ya kamera, mkono mdomoni. Kwenye skrini maneno ya wateja yalipanda polepole:

"Shh, msimwamshe."

"Mwacheni dada apumzike."

"Mie nimenunua miwili. Nautaka usingizi kama huo."

Stoo ilikuwa imebaki tupu.

"Qiaoyun, wewe kiboko!" Lu akanong'ona. "Kesho saa hizi hizi, ulale tena."

"Bosi, usingizi hauna zamu."

Kesho yake alijilaza, akafumba macho yasiyo na usingizi, akihesabu pumzi. Wateja hawakudanganyika. "Leo anatuzuga huyu," mmoja akaandika. "Ona kope zinavyocheza." Wakaanza kutoka.

Qiaoyun akaketi. "Mmenikamata," akasema, kwa sauti ya chini ambayo hakuwahi kuitumia kazini. "Usingizi sina. Jana nilimwota bibi." Akawasimulia viwavi, majani, ule weupe. Lu alimpungia mkono ataje bei, hakutaja.

"Endelea, dada," wakaandika.

Mwanamke mmoja wa mji wa mbali wa Harbin akaandika kwamba hanunui kitu, ila simu ameiweka karibu na mama yake mgonjwa, na mama amesinzia. Qiaoyun akashusha sauti zaidi, akaendelea mpaka chaji ikaisha.

Tangu hapo hakupiga kelele tena. Mifarishi iliuzika, siku nyingine sana, siku nyingine kidogo. Lu alinung'unika wiki nzima, kisha naye akaanza kuvuta kiti na kusikiliza.