Sauti ya Kikakwa kwa Mwalimu Yasiri

Mwalimu Yasiri wa Ludara alipopofuka hakuacha kuandika historia ya kijiji chao kwa Kikakwa, lugha ya kwao. Vidole vilizijua herufi za kompyuta. Masikio ndiyo yaliyotaabika, kwa sababu programu ya kumsomea skrini ilitamka Kikakwa kwa mdomo wa Kizungu, asiambulie neno.

Medina, fundi wa programu anayeishi Oli mjini Arua, akamtengenezea plagini, programu ndogo ya kuchomeka ndani ya ile kubwa, isome kwa sauti ya Santina, mama Mkakwa wa Koboko aliyerekodiwa kwa wiki tatu. Kwenye kompyuta ya Medina ilisoma vizuri. Alipoipeleka Ludara, kimya.

"Haisemi kitu, binti yangu," alisema Mwalimu baada ya kungoja sana.

Medina alisoma ujumbe kwenye skrini, akaona aibu. Plagini ilitafuta maktaba zake, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na watu wengine. Kwenye kompyuta yake ya Arua alikuwa navyo tangu zamani. Hapa havikuwepo, wala mtandao wa kuvileta.

Alirudi Arua, akafuatilia kila kipande kwa siku nne. Hiki kilitegemea kile, na kile kingine tena. Alidhani vingekuwa vitano. Vikafika thelathini na saba. Kimoja, cha kugeuza namba kuwa sauti, kiliandikwa miaka ishirini iliyopita na mtu aliyekitoa bure. Medina alilitazama jina lake kwa muda mrefu. Mtu huyo hajawahi kusikia habari za Ludara! Akavifunga vyote pamoja na plagini katika faili moja, akaitia kwenye flashi, akarudi.

Mwalimu akabonyeza. Sauti ya mwanamke ikatoka. Medina, mtoto wa Wanubi asiyejua Kikakwa, hakuelewa neno, lakini aliona mikono ya mzee ikiinuka taratibu kutoka kwenye kibodi.

"Imesema nini, Mwalimu?"

"Vile niliandika." Alikuwa ananong'ona. "Mutu iko ndani. Anajua Kikakwa."

"Iko watu mingi ndani, Mwalimu. Kila mutu na kazi yake."

Sauti ilipofika sentensi ya tatu, mzee akainua kidole. "Ngoja. Hapo nimekosea."

Kwa miaka sita, tangu apofuke, hakuwahi kulisikia kosa lake mwenyewe. Akalifuta neno, akaandika jingine, akalisikiliza, akalisikiliza tena, amesahau kabisa kwamba ana mgeni.