Njia ya Mashamba Kumi na Manane

Asenath aliufunga mkungu wa tatu kwenye keria kwa kipande cha tyubu kuukuu, akakivuta mpaka kikalia, kisha akaisukuma baiskeli kupanda tuta la barabara. Kabla ya kukanyaga pedali alisikiliza. Barabara ile imeinuliwa juu ili mafuriko yasiifikie, nayo haina nafasi pembeni hata ya kuweka mguu mmoja. Lori likija, mtu huchagua gurudumu au mteremko. Mwaka jana binti yake Linda, akitoka shuleni, alichagua mteremko. Kifundo cha mkono kilivunjika, na mpaka leo hawezi kushika kalamu muda mrefu.

Hakusikia lori. Akapanda.

Leo hakuwa anakwenda Garsen kuuza ndizi tu. Serikali ilikuwa imetangaza ruzuku kwa vijiji vinavyotaka njia za waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, na kamati ya kijiji chao cha Hewani, ambayo yeye alikuwa katibu wake, iliomba njia ya kilomita tatu kutoka kijijini hadi shuleni. Ingepita nyuma ya mashamba, mbali na malori. Ruzuku ingeleta changarawe na makalavati ya kuvusha watu juu ya mifereji mitatu. Majibu yangebandikwa saa nne asubuhi.

Mjini ndizi zilikuwa zimeshuka bei na unga umepanda. Nuriya, mchuuzi wa kutoka Kipini aliyekuwa akimpokelea mzigo kila wiki, aliigeuza mikungu yote mitatu akitafuta kasoro, akaikosa, akatoa bei ya kasoro.

"Shoga yangu, usinitazame hivyo. Na mimi nimeulizwa ushuru mara mbili tangu asubuhi."

Asenath alipokea pesa. Vijana wa bodaboda waliokuwa wakingoja abiria kando ya duka walimwona anafuta vumbi viatu kwa kanga, wakamtania kwamba Mama Baiskeli leo anaenda kukata utepe. Mmoja akauliza kama watu wa boda nao watapewa leni yao. Asenath aliwajibu kwamba watapewa wakijifunza kwanza kuendesha bila kelele, nao wakacheka, naye akaenda zake akicheka.

Orodha ilikuwa imebandikwa mlangoni mwa ofisi ya mradi. Majina manne. Aliyasoma kwa kidole, akarudia kuanzia chini kwenda juu. La kwanza lilikuwa njia ya mita mia tatu mbele ya majengo ya ofisi zenyewe, pamoja na taa na vyungu vya maua. Hewani haikuwemo.

Afisa aliyempokea aliitwa Nabil. Alikuwa kijana mwenye adabu. Aliinuka kumpa kiti chenye miguu mizima, yeye akakalia kile kibovu. Alilifungua faili la Hewani na kutoa picha tatu.

"Mama, picha hizi kapiga nani?"

"Ni mimi," Asenath alisema, na hata wakati ule sauti yake ilikuwa na fahari kidogo.

Picha ya kwanza ilionyesha wanaume wamejipanga na mapanga. Ya pili, wanawake na sufuria la uji. Ya tatu ilikuwa njia yenyewe, mita mbili upana, imenyooka katikati ya migomba kama mstari wa rula. Asenath ndiye aliyeshauri ziambatanishwe. Kiingereza cha fomu kilikuwa kimemshinda mahali pengi, akadhani picha zitasema kilichobaki.

Nabil aliweka kidole kwenye ukurasa wa kanuni. Ruzuku hailipii mradi ambao kazi yake imeanza kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Alieleza, bila ukali, kwamba kuna makandarasi huonyesha barabara ya zamani na kudai pesa kana kwamba ni mpya, ndiyo maana kanuni ikawekwa. Hewani ilikuwa imepata alama za juu kuliko wote mpaka mkaguzi alipofika kwenye picha.

"Lakini hatukuanza mradi," Asenath alisema. "Tulisafisha tu."

"Karatasi haijui tofauti, mama."

Asenath alijaribu kumweleza. Mashamba ya Hewani ni vipande virefu vinavyotoka mtoni kwenda nyuma, kila kimoja na mwenyewe, na njia ilivikata vyote kumi na vinane. Hapakuwa na hati wala ramani. Alikwenda kwa kila mwenye shamba kwa miguu yake, na kila mmoja alikubali kwa namna ambayo Hewani inaijua, kwa kukata migomba yake mwenyewe na kuchomeka kijiti pale mpaka mpya unapoishia. Neno tu si kukubali.

"Kwetu mtu haombi jembe la jirani huku shamba lake bado ni kichaka," alisema. "Ataonekana mvivu. Sisi tulitaka serikali ikija itukute tuko kazini."

Nabil aliinamia meza, akapunguza sauti. "Dirisha la maombi litafunguliwa tena mwakani. Acheni majani yarudi. Pandeni kitu hapo. Mkileta picha, zisiwe za njia. Ziwe za kichaka."

"Na watoto? Wiki ya sita hii wanapita pale. Wanavuka mifereji kwa magogo."

"Mkaguzi akikuta wanapita, ni njia tayari."

Alimsindikiza mpaka mlangoni. Asenath alimshukuru, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, kisha akasimama nje akiushika usukani wa baiskeli bila kukumbuka alitaka kwenda upande gani.

Njiani kurudi alimkuta Mwalimu Gershom, mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu na baba mkubwa wa mumewe, akimngoja kwenye kivuli cha kibanda cha kuuzia miwa. Alimsimulia yote akiwa amesimama, na alipofika kwenye picha akasema kosa ni lake. Mzee alivua miwani na kuifuta kwa muda mrefu.

"Kosa letu ni kwamba tumekuwa na bidii," alisema. "Basi itabidi tuwe wavivu mwaka mmoja, Mama Linda. Sikujua serikali nayo ina mtihani wa uvivu."

Hakucheka. Alijitolea kwenda kuwaambia wenye mashamba. Asenath alikataa. Aliyewaomba ni yeye.

Alianza na Mzee Hiribae, kwa kuwa ndiye aliyetoa zaidi: migomba kumi na mmoja, mitano ikiwa na mikungu iliyokuwa bado haijakomaa. Ilikuwa imemchukua jioni tatu kumshawishi aikate. Alimkuta amechutama kando ya njia, aking'oa nyasi zilizochomoza, ili iwe safi watu wa serikali wakija.

Alimweleza polepole.

"Kwa hiyo tungekaa tu," mzee alisema hatimaye, "wangetupa?"

"Ndiyo, mzee."

"Na tukipanda tena?"

"Labda mwakani." Kisha akalazimika kusema lililomleta. "Pole, mzee. Nilikuomba ukate. Sasa nakuomba upande."

Hiribae aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na jembe na machipukizi manne ya mgomba. Hakumlaumu, na Asenath alitamani amlaumu. Shimo la kwanza alilichimba katikati kabisa ya njia. Udongo ulikuwa umeshashindiliwa na miguu, na jembe lilidunda mara mbili kabla ya kuingia. Asenath aliegemeza baiskeli, akashika chipukizi wima mzee alipokuwa akifukia.

Walikuwa kwenye la tatu watoto wa shule walipotokea. Linda alikuwa mbele, juu ya baiskeli yake, amempakia mtoto wa jirani nyuma. Wenzake wapatao ishirini walimfuata kwa miguu, viatu mkononi, wakizozana juu ya mpira. Walipofika kwenye udongo mbichi wakanyamaza. Mmoja alitaka kuruka katikati ya machipukizi, Linda akamshika shati.

"Mama," alisema, "tupite wapi?"

Hiribae alisimama na jembe lake, akamtazama Asenath, akingoja na yeye jibu.

Kutoka upande wa tuta ulisikika mngurumo wa lori likibadilisha gia.

"Barabarani," Asenath alisema. "Piteni mmoja mmoja. Likija, shukeni kabla halijafika."

Linda aliigeuza baiskeli kwa mkono wake mzima. Wengine wakavaa viatu.