Nani Aliyaona Mashuka?

Kazini walimwita Mkato, kwa sababu katika miaka thelathini na moja ya kusahihisha gazeti hakuna mkato uliokaa pabaya ukampita. Alistaafu, akarudi nyumbani na jina hilo pamoja na tabia ya kusoma kila kitu mara mbili. Mwaka uliofuata mkewe akafariki. Akabaki ghorofa ya tatu, vyumba viwili, dirisha likitazama uwanja wa kuanikia nguo. Siku nyingi sauti yake mwenyewe aliisikia mara ya kwanza saa sita mchana, akijibu salamu dukani.

Kilichomchangamsha ni kundi la wapangaji kwenye simu. Jumatatu moja mama wa ghorofa ya kwanza, Mama Pacha, aliandika: "Jamani, mashuka yangu mawili ya maua hayapo kwenye kamba. Anayependa vitambaa vya watu tunamjua. Yuko hapo chini na cherehani yake."

Fundi cherehani alikuwa mmoja tu, mwanamke wa makamo aliyepanga chumba cha chini pembeni ya ngazi. Kwenye kundi hakuwemo. Simu yake ilikuwa ya vitufe.

Mkato aliandika: "Nani aliyaona mashuka kwake?"

"Kila mtu anajua," Mama Pacha akajibu.

"Kila mtu ni nani? Nitajie mmoja."

"Nimeambiwa na mtu ninayemwamini. Siwezi kumtaja, ataonekana mbaya."

Kinyozi wa ghorofa ya pili akadakia: "Mzee, wewe thibitisha kwamba hakuiba."

Mkato alikaa sawasawa kwenye kiti. Damu ilimchemka, na ukweli ni kwamba ilimchemka vizuri. Akaeleza kwamba anayetuhumu ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Akaeleza tena kesho yake, kwa hoja mbili. Mama Pacha akasema picha anayo, ila kioo cha simu kimepasuka. Mkato akamwomba aitume kioo kikitengenezwa. Kioo kikatengenezwa, picha ikawa imefutika. "Na mbona fundi mwenyewe yuko kimya?" mtu mwingine akauliza. "Kimya chake si ndiyo jibu?" Mkato akaandika kwamba fundi hayumo kwenye kundi, atajibuje? Hapo wakamgeukia Mkato mwenyewe: mbona hakuja kwenye kikao cha pampu ya maji? Kwani fundi anampikia? Kinyozi akatuma vicheko vitano kwa mpigo.

Alinunua daftari. Kila swali lake aliliandika upande wa kushoto, na upande wa kulia namna walivyolikwepa: "kageuza mada", "kanitukana", "kaniambia nikatafute mwenyewe". Upande wa kulia ulijaa haraka. Chai ilimpoa mezani, naye alikuwa kainama kama zamani, gazeti likikaribia kwenda mtamboni. Wiki tatu hakuwahi kuchoka. Hakuna aliyempa jibu moja lililonyooka, na moyoni alijua anashinda.

Alhamisi mchana alisikia vyuma vikigongana huko chini. Akachungulia ngazini. Fundi alikuwa amesimama juu ya stuli, anang'oa kibao chake cha biashara.

Mkato alishuka. Ndipo alipogundua kwamba hajawahi kuingia chumba kile. Kilikuwa chembamba, kina meza ya kukatia, pasi, na vipande vya vitambaa vilivyofungwa kwa kamba kufuata rangi.

"Shikamoo, mzee," fundi alisema.

"Marahaba. Unahama?"

"Nahama. Wateja wameisha."

"Mimi ndiye niliyekuwa nakutetea," Mkato alisema, na maneno yalipotoka akaona yanavyosikika. "Kule kwenye kundi."

Fundi alishuka kwenye stuli, akamtazama vizuri. "Kumbe Mzee Mkato ndiye wewe. Nilionyeshwa ujumbe wako. Wateja wangu walikuwa wananisomea."

"Hawakuwa na ushahidi hata chembe. Niliwauliza kila siku."

"Kila siku, ndiyo." Alianza kuzungusha waya wa pasi mkononi, polepole. "Wiki ya kwanza waliosema ni watu wawili, mzee wangu. Mama wa watu alikuwa na hasira na mashuka yake, zingemwisha. Halafu ukauliza. Wakajibu. Ukauliza tena. Kila nikidhani wamesahau, asubuhi jina langu liko juu. Wiki ya tatu hata watu wa jengo la pili wanauliza, huyo fundi mwizi ni yupi?"

Mkato alisema, "Nilitaka wakubali kwamba wamekosea."

"Mimi nilitaka mtu mmoja ashuke na suruali ya kupunguza," fundi alisema. "Aonekane ameingia hapa na ametoka. Basi."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomuumiza. Mkato aliomba kubeba kitu. Akapewa kichwa cha cherehani, kizito kuliko alivyodhani, akakipeleka hadi kwenye mkokoteni akipumzika mara mbili njiani. Kwenye madirisha watu waliangalia. Hakuna aliyeshuka.

Siku tisa baadaye mtu wa kutengeneza mabati alipanda juu ya paa la stoo, nyuma ya uwanja wa nguo, akayakuta mashuka mawili ya maua yamebanwa na upepo kwenye mfereji. Mama Pacha aliyafua, akayapiga picha, akaituma. "Jamani, yamepatikana!"

"Hongera!" aliandika kinyozi.

"Hongera sana, mama."

"Na bado yana rangi yake!"

Hongera zilifika kumi na nne; Mkato alizihesabu. Fundi hakutajwa hata kwa herufi moja. Mkato aliandika: "Na yule mliyemwita mwizi?" Akaisoma mara mbili, akaona jinsi watakavyojibu, mstari kwa mstari, mpaka vicheko vya kinyozi. Akaifuta. Akashuka ghorofa ya kwanza, akagonga kwa Mama Pacha.

Mlango ulifunguliwa nusu. Ana kwa ana alikuwa mwanamke mfupi, mchovu, ana povu la sabuni kwenye viwiko.

"Sikuja kubishana," Mkato alisema. "Nataka kujua fundi amehamia wapi. Nikamwambie yamepatikana."

Mama Pacha alijifuta povu kwa upindo wa kanga. "Nyuma ya gereji ya malori," alisema. "Nilimwona juzi. Nilipita upande wa pili wa barabara." Kisha, kwa sauti ndogo: "Mwambie... mwambie tu yamepatikana." Akafunga mlango taratibu.

Mkato alitembea nusu saa. Kibanda kipya kilikuwa kidogo kuliko kile cha kwanza, malori yakinguruma jirani. Alimweleza fundi kila kitu. Fundi alisikiliza bila kuondoa mguu kwenye kanyagio, akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

"Haya," alisema. "Na wewe umeleta nguo?"

"Sikuleta kitu."

Fundi alitazama nje, kisha akasogeza stuli kwa mguu. Mkato akaketi. Cherehani ikaanza tena, na kwa muda mrefu hakuna aliyeuliza kitu.