Mafundi Waliotoka Gotini

Usiku wa kuamkia jana niliota mafundi uashi watatu wakitoka kwenye goti langu la kulia. Walitoka kwa foleni, wakajipangusa vumbi, wakaniamkia, nami nikaitikia marahaba kama mtu aliyezoea.

Kabla hawajaanza kazi nieleze hali yangu. Mimi ni mwalimu, nina kilo mia moja na nane. Mama yangu alipooza upande wa kushoto miaka miwili iliyopita, na kila asubuhi lazima atolewe kitandani apelekwe barazani, maana asipoota jua hagusi chakula. Wa kumwinua ni mimi. Mwezi uliopita magoti yalinilegea tukaanguka wote wawili. Yeye akacheka, mimi nikalia. Ndipo nikaenda kwa Kocha Ambakisye, anayefundisha kunyanyua vyuma uani kwake hapa Uyole, vyuma vyenyewe vikiwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Akanisisitizia nile vizuri. Nikaona ananitania, mtu wa kilo zangu aambiwe ale? Nikawa nashindia maji ya moto na ndimu, na tango siku za mazoezi.

Sasa mafundi wamesimama sebuleni. Mkubwa wao, ambaye urefu wake haufiki kijiko cha chai, ananiarifu kwamba wameitwa na mazoezi ya juzi waje kujenga mapaja, mgongo na mabega. Anauliza matofali yako wapi.

Nikawaletea maji ya ndimu. Niliyaweka kwenye trei, sikukosa adabu.

"Mwalimu," akasema, "mkono mtupu haulambwi. Ndimu haisimamishi ukuta."

Nikawaomba wasubiri. Akajibu kwamba fundi akishaitwa hujenga kwa kilichopo. Wakapanda ngazi, wakaanza kubomoa ukuta wa chumba cha mama wapate matofali ya bega langu. Wanayachomoa moja moja huku wakipiga mluzi wa kwaya. Kupitia tundu namwona mama amelala, upepo unampeperushia kanga. Sijawahi kuogopa namna ile.

Nikakimbilia uani. Kuna kihenge cha nafaka, na sisi hatujawahi kuwa na kihenge. Ni kinene, kimevaa gauni langu la kitenge lile lisilofunga zipu. Nikajua hayo ni mafuta ya mwili wangu, nikageuza uso.

"Tulinagwe," kikaniita kwa upole, "unanionea aibu, na kuni zote za mafundi ziko kwangu."

Kikanieleza, bila kinyongo, kwamba kila nilichokula kwa huzuni tangu mama augue kilikiweka, hakikutupa hata punje, kikingoja siku ya kazi kubwa. Moto wa kuwapikia mafundi upo tele. Kinachokosekana ni matofali, na matofali hayatoki kwenye kihenge, yanatoka jikoni. Nikauliza, na chenyewe je? Kikasema kitapungua polepole, ndiyo kazi yake. Nikakikumbatia, mikono isifike nyuma. Nikakishukuru kwa sauti, nikakiomba radhi kwa majina yote niliyokiita mbele ya kioo.

Nafungua mlango wa jiko, nakuta ni ofisi ya walimu pale shuleni kwangu. Maharage, dagaa na mayai wako kwenye kikao. Maharage, ambayo ndiyo mwenyekiti, yanalalamika kwamba siku kumi na moja mfululizo yamepashwa moto na kufunikwa tena bila kuguswa. Nikapiga magoti, nikaahidi kuyala kila mlo, hata asubuhi. Kikao kikafungwa kwa sala, na wajumbe wote wakageuka matofali ya kuchoma, bado yana joto.

Yalikuwa mengi na mimi ni mmoja. Nikageuka, nikamwona mama ameketi kitandani, amenyoosha mkono wa kushoto. Nampa tofali, analipokea kwa mkono ule ule uliolala, anampa fundi. Tulifanya hivyo mpaka ukuta ukarudi. Fundi mkubwa akagonga tofali la mwisho kwa mpini wa mwiko, akawaongoza wenzake, wakarudi gotini.

Nikaamka jua limeshachomoza. Nikala maharage, mayai mawili na kiazi kimoja, nikala nimekaa mezani kama mtu mwenye haki. Kisha nikaenda kwa mama, nikakunja magoti kama Kocha alivyonifundisha, nikamkumbatia, nikasimama. Safari hii magoti yalijikaza. Nilimshukuru Mungu mpaka barazani.

Nilipomkalisha nikaleta kitambaa chenye maji nimfute mikono kabla ya uji. Wa kulia ulikuwa safi. Kiganja cha kushoto, ambacho miaka miwili hakijashika hata kijiko, kilikuwa na vumbi jekundu la tofali. Nikaanza kukifuta.

"Taratibu, mwanangu," mama akasema. "Vidole vimechoka."