Njia ya Malori

Mume wangu, sasa amestaafu, ameendesha lori la saruji miaka thelathini na mmoja na hajapotea njia hata siku moja. Nalisema hilo mapema, msije mkamdhania mjinga. Siku ile pia hakupotea. Aliijua njia kupita kiasi, na hapo ndipo kasheshe ilipoanzia.

Alikuwa ananipeleka kwa gari letu dogo, baiskeli yangu imefungwa juu ya paa, hadi mji wa upande wa pili wa mlima. Huko ndiko tungeanzia safari ya baiskeli ya siku kumi na moja, wanawake ishirini. Mimi ni fundi cherehani. Tangu nina miaka kumi na tisa nakanyaga pedali kutwa nzima na sijafika popote. Miezi saba nilijizoeza alfajiri, majirani wakinicheka, eti bibi mzima na baiskeli. Wacheke wakichoka watalala. Kiongozi wetu, mwalimu mstaafu, alituandikia mara tatu: tunaondoka saa tisa kamili, asiyefika hasubiriwi, nafasi yake anapewa mwingine.

Tulitoka nyumbani saa tatu asubuhi. Kwa barabara mpya, ya darajani, ni mwendo wa saa tatu tu. Nikafunga mkanda, nikasinzia, maana usiku sikupata usingizi kwa furaha.

Nilipofumbua macho tulikuwa ndani ya mawingu. Nasema ndani. Kioo cheupe, miti inatokea kidogo inapotea, na mume wangu anaimba taratibu kama mtu aliye peke yake. Kwa muda nilidhani bado naota, nikatulia nisiiharibu ndoto. Kisha nikaona barabara ni nyembamba na hakuna daraja lolote.

"Baba watoto, mbona huku?"

"Ndiyo njia, mama."

"Na daraja?"

"Daraja haliruhusu tani thelathini."

"Leo umebeba tani ngapi?"

Akaacha kuimba. Akatazama mikono yake kwenye usukani kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Mungu wangu," akasema. "Imekata kona yenyewe."

Mazoea yana taabu, jamani. Kurudi nyuma kungetupotezea muda zaidi, kwa hiyo tukaendelea, mimi nimenuna, yeye ameinamia usukani. Kama ingeishia hapo ningemsamehe. Lakini dereva wa lori, akifika kileleni, lazima asimame apoze breki kabla ya kuteremka. Na mlima ule una vilele vitatu. Wenzake barabarani walimpa jina la Breki, wala hawakukosea.

Kwenye cha kwanza alisimama, akashuka, akazunguka gari akigusa magurudumu kwa kiganja, moja moja.

"Haraka haraka haina baraka," akaniambia.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo! Breki wewe, panda gari!"

Hakupanda. Alikuwa ameligeukia bonde, nami nikashuka ili nimvute shati. Sikumvuta. Chini yetu mawingu yalijaa bonde zima, na jua limeyalalia, na vichwa vya vilima vinachungulia kimoja kimoja. Kimya kile sijawahi kukisikia, mimi niliyezoea mlio wa cherehani.

"Hapa nilikuwa nakula mkate wangu," akasema.

Kilele cha pili kina maji yanayotiririka kwenye mwamba, na chini yake jiwe bapa. Akanawa uso bila kuvua saa. "Siku kifungua mimba wetu alipozaliwa nilikuwa nimekaa hapa. Sikujua. Nilikuwa nawaza kama mmekula."

Nikakaa kwenye lile jiwe. Miaka yote ile nilimwekea kinyongo kwa siku ile. Mimi najifungua nikiwa na mama yangu tu, yeye yuko barabarani anakula raha zake, ndivyo nilivyoamini. Kumbe raha zenyewe ni jiwe na maji baridi. Nililia kidogo, nikamwambia nalia kwa sababu ya muda. Muda kweli ulikuwa unakwenda, lakini mlimani kule ulikwenda kwa namna ya ajabu, hauchomi. Tukakaa tu, magoti yetu yamegusana, maji yanatiririka. Ni yeye aliyestuka kwanza.

Kilele cha tatu tulikifikia saa nane na dakika ishirini. Mji ulikuwa pale chini, wazi kabisa. Niliona uwanja, niliona vinukta vya rangi rangi, nikajua ni wenzangu na baiskeli zao.

"Mpaka pale dakika ngapi?"

"Barabara inauzunguka mlima wote. Saa nzima."

Basi. Nilikaa kwenye boneti. Sikumtukana hata, na mimi mdomo ninao. Nilifikiria majirani watakavyocheka, nikafikiria cherehani. Yeye akamaliza kugusa magurudumu, akaja akasimama mbele yangu.

"Kuna njia ya mkato," akasema. "Inashuka moja kwa moja. Baiskeli zilikuwa zinanipita hapa kila safari. Nusu saa, haizidi."

Angeweza kunyamaza. Nisingejua kamwe, ningerudi naye nyumbani jioni ile, nimpikie. Alijua hilo, na mimi nilijua anajua.

Akapanda kufungua kamba. Mtu aliyefungua turubai maisha yake yote, vidole vilikuwa vinamshinda. Akaishusha baiskeli, akaishika usukani, hakuiachia.

"Nilipokuwa naondoka," akasema, "wewe ulikuwa unafanyaje?"

Miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuniuliza. Nikamwambia ukweli. "Nilikuwa nasikiliza injini mpaka ipotee. Kisha naingia ndani, nawadanganya watoto kwamba baba anarudi kesho."

Watoto wetu wote wameshaoa na kuolewa, nyumba ni sisi wawili.

"Sasa mimi nitamdanganya nani?"

Nilimpenda mtu yule pale mlimani kuliko siku aliyonioa. Nikatoa mikono yake kwenye usukani, mmoja baada ya mwingine.

"Nitarudi baada ya siku kumi na moja," nikamwambia. "Kaa uzihesabu. Mimi nilizihesabu."

Nikapanda. Upepo ulinipiga, machozi yananikimbilia masikioni, nacheka peke yangu kama kichaa, na njia inateremka, inateremka. Nilifika uwanjani mwalimu akiwa anaita majina. Alipolitaja langu niliitikia kwa sauti ya juu mno, wote wakageuka, maana nilitaka asikie hata aliyeko juu.